Kasia na Kafi: Safari ya Mashua ya Lady Alice katika Nyanza na Kagera

Sisi watu wa pwani na visiwa tumezoea kuisoma historia ya safari za bara kama historia ya miguu. Msafara ulikusanyika Bagamoyo, ukapiga ngoma, ukainua bendera, na wapagazi wakatwikwa vitambaa, shanga na masongo ya waya kuelekea Unyanyembe, Ujiji na Karagwe. Aliyezaliwa akisikia mawimbi aliiaga bahari mpaka siku atakayorejea, kama Mungu alimjaalia kurejea. Hayo ni kweli. Lakini imo safari moja ambayo bahari haikuachwa nyuma, bali ilibebwa mabegani. Tarehe 17 Novemba 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo ukiwa na watu 356, na miongoni mwa mizigo yao ilikuwamo mashua nzima iliyokatwa mapande, pamoja na watu wa Unguja waliojua kuivuta, kuitweka tanga na kuishika usukani.

Makala haya yanakusudia kuifuata mashua hiyo tangu Nyanza mpaka maji ya Kagera, mto unaopita ukingoni mwa Ngara, na kuifuata kwa upande wa waliovuta makasia. Habari zake nyingi tunazipata katika kitabu cha Stanley mwenyewe, *Through the Dark Continent*, kilichotoka mwaka 1878. Aliyekaa tezi ndiye aliyekuwa na kalamu. Waliokaa mbele yake hawakuacha daftari. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hawa walikuwapo, tena kila siku na kila usiku wa safari, na bado lao halikuandikwa ila kwa mkono wa mwingine. Basi imetupasa kusoma kitabu cha mwajiri tukiwatafuta waajiriwa ndani yake.

Kabla ya kung'oa nanga, tukumbushane tofauti moja ambayo kila mtoto wa forodhani anaijua. Kasia hutiwa katika kishwara, na mvutaji hukipa mgongo kule chombo kiendako. Macho yake huona maji aliyokwisha kuyapita, na huona uso wa mshika usukani. Kafi halina kishwara. Hushikwa kwa mikono miwili, na mpigaji huelekeza uso mbele. Mashua za Ulaya na nyingi za pwani yetu zilivutwa kwa makasia. Mitumbwi ya Nyanza, ya Karagwe na ya mito ya Ngara ilipigwa kwa makafi. Katika safari tunayoisimulia, tofauti hii ilikuja kuwa jambo la uhai na mauti.

Mashua iliitwa Lady Alice, kwa jina la Alice Pike, msichana wa Kimarekani aliyekuwa amemwahidi Stanley ndoa, na ambaye aliolewa na mtu mwingine ilhali mchumba wake angali bara. Iliundwa na James Messenger huko Teddington, kando ya mto Thames. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana wake futi 6 na kina chake inchi 30. Mbao zake zilikuwa za mwerezi, nyembamba, na chombo chote kiligawika mapande matano. Ilipofika Unguja ikaonekana kwamba mapande hayo ni mazito mno kwa mabega ya binadamu, na ikabidi seremala wa meli aliyepatikana bandarini ayakate upya. Njia za misafara zilikuwa nyembamba, mtu nyuma ya mtu, na pande la mashua halipiti penye miiba kama apitavyo mtu mwenye robota la kaniki. Hata hivyo, tarehe 27 Februari 1875, siku ya 103 tangu Bagamoyo, mapande yote yalifika Kageyi, kijiji cha pwani ya ghuba ya Speke katika Mwanza ya leo. Yakaungwa, na mashua ikashushwa majini.

Hapo ndipo tunapokutana na mabaharia wetu kwa mara ya kwanza, na tunawakuta wamenyamaza. Stanley anasimulia kwamba aliwataka watu wajitolee kulizunguka ziwa, na hapana aliyejitokeza. Wasomaji wa Ulaya huenda waliuona ukimya huo kuwa ni woga. Mtu wa pwani atausoma vinginevyo. Baharia hupanda chombo kwenda bandari anayoijua, au anayoijua nahodha wake, kwa majira anayoyajua, kaskazi au kusi. Nyanza haikuwa na majira waliyoyazoea. Habari walizozipata kwa wenyeji zilikuwa za dhoruba, za watu wakali wa ng'ambo, na za maji ambayo mtu angeweza kuyasafiri miaka asifike mwisho. Walikuwa watu wenye akili waliopima hatari, wakakataa. Mwishowe walichaguliwa wavutaji kumi na mshika usukani. Kiongozi wao akawa Wadi Safeni. Walikuwamo Uledi na Baraka, na pia Saramba, mwenyeji wa ziwa, kuwa mwonyesha njia.

Waliondoka tarehe 8 Machi 1875. Safari ilichukua karibu miezi miwili. Walipita kwanza mashariki, wakauzunguka ukingo wa ziwa kwenda kaskazini, wakaingia Buganda na kupokewa na Kabaka Mutesa mwezi wa Aprili, kisha wakashuka kusini kwa ukingo wa magharibi. Leo yapo mataifa yanayowauzia wageni safari za namna hii: siku mbili tatu katika ghuba yenye visiwa, mtu akilala ndani ya chombo na kuamka kutazama jua likitoka nyuma ya miamba. Huko Vietnam, Ghuba ya Ha Long ina mashuhuri hiyo ulimwenguni. Katika kurasa za Stanley nako kuna uzuri wa aina hiyo. Kuna visiwa vya mawe yaliyopandana, fukwe za mchanga, misitu inayogusa maji, na usiku wa kulala katika kisiwa kisicho na mtu. Uzuri huo aliuona aliyekuwa na nafasi ya kutazama. Mwenye kasia mkononi aliliona ziwa kwa mgongo na kwa viganja, na alijua ukubwa wa ghuba kwa idadi ya mivuto.

Tarehe 28 Aprili mashua iliyokuwa na njaa ilitia ufukweni Bumbire, kisiwa kilichomo leo katika wilaya ya Muleba, kusudi watu wanunue chakula. Wenyeji waliikokota mashua mpaka nchi kavu, wakaizingira kwa mikuki na pinde, wakachukua makasia yote. Mazungumzo yalidumu saa nyingi. Safeni ndiye aliyepelekwa kusema nao, vitambaa mkononi, peke yake mbele ya umati, ili wenzake wapate nafasi ya kuirudisha mashua majini. Wenzake waliisukuma kwa nguvu zao zote, naye akakimbia na kujitupa ziwani mikuki ikimfuata. Stanley alifyatua bunduki. Watu wa Bumbire walikufa, na mitumbwi iliyowafukuzia ikazamishwa.

Sasa ilikuwa mashua isiyo na makasia, katikati ya ziwa, jioni. Mabaharia wale waling'oa mbao za sakafu ya chombo, wakazishika kwa mikono miwili, wakageuka kutazama mbele, wakapiga kafi kama wapigavyo watu wa Nyanza. Dhoruba ikawakuta usiku. Hawakuwa na chakula. Walipofika kisiwa kitupu, ambacho Stanley alikipa jina la Kisiwa cha Kimbilio, walipata ndizi na matunda ya porini, wakachonga makasia mengine. Walirejea Kageyi tarehe 6 Mei. Huko walikuta kwamba Frederick Barker, mmoja wa vijana wa Kiingereza wa msafara, amekwisha kufa tangu tarehe 23 Aprili.

Lau hadithi ingeishia hapo, tungeweza kuwaimba mabaharia hawa kwa sifa tupu. Haikuishia hapo. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Stanley alirudi Bumbire na kundi la mitumbwi ya Ukerewe na ya Buganda, mashua yake ikiongoza. Tarehe 4 Agosti alivipanga vyombo mbali kidogo na ufuko, mahali ambapo mshale haufiki na risasi inafika, na akaamrisha watu wake wapige. Makumi ya watu wa Bumbire waliuawa kwenye mteremko wa kisiwa chao. Stanley mwenyewe aliandika habari hizo kwa magazeti yaliyomgharimia, *Daily Telegraph* la London na *New York Herald*, na zilipochapwa zilizusha lawama nchini Uingereza. Lakini bunduki zile zilishikwa pia na watu wa Unguja. Hatuwezi kudai ushujaa wa Safeni katika mwezi wa Aprili kuwa ni wetu na kuukana moshi wa Agosti kuwa ni wa mzungu peke yake. Na watu wa Bumbire, ambao siku ile ya kwanza waliona chombo cha sura wasiyoijua kikitia pwani yao pasipo kuitwa, hawakuulizwa na gazeti lolote.

Katika kona ya kusini-magharibi ya Nyanza iko ghuba kubwa, yenye kisiwa cha Rubondo mlangoni mwake na Nyamirembe katika ufuko wake. Kwa muda mrefu Nyamirembe ilikuwa bandari ya wilaya ya Biharamulo, mpaka Chato ilipotengwa kuwa wilaya mwaka 2005. Ghuba hiyo haimo katika ramani ya Stanley ya 1875. Wavutaji waliotoka Bumbire wakiwa na njaa na makasia ya kuchongwa hawakuwa na sababu ya kuingia kila pembe. Walikata kwenda Kageyi. Stanley alikuja kuiona sehemu hiyo ya ziwa mwaka 1889, alipopita kwa miguu pamoja na Emin Pasha wakielekea pwani, akaitangaza kuwa ugunduzi, na jina la Emin Pasha likabaki ramani nyingi mpaka leo. Wazinza waliokuwa wakivua humo hawakuwa wameipoteza. Ghuba nzuri kupita zote za upande ule ilikosekana kwenye karatasi kwa miaka kumi na minne kwa sababu watu kumi na mmoja walikuwa wamechoka. Hapa tunaona dhahiri kwamba ramani ile ilichorwa pia kwa misuli ya watu ambao jina lao halikuandikwa pembeni mwake.

Mapema mwaka 1876 msafara uliingia Karagwe, ukifuata ukingo wa magharibi. Mkama Rumanika aliwapokea kwa ukarimu uleule aliowapokelea Speke na Grant mwaka 1861. Jirani na makao yake, pale Kafuro, walikuwako wafanyabiashara wa Kiarabu. Mmoja wao, Hamed bin Ibrahim, alikuwa amekaa nchini humo miaka mingi. Mtu huyo alimweleza Stanley jambo ambalo wafanyabiashara wote wa pwani walilijua: kwamba ng'ambo ya Kagera, katika Rwanda, wageni hawaruhusiwi kuingia. Biashara ya pwani ilifika ukingoni mwa mto ikasimama.

Mashua ikaungwa tena, safari hii katika ziwa dogo lililo chini ya makao ya Rumanika, ambalo Speke na Grant walikuwa wamelipa jina la Windermere, ziwa la kwao. Palifanyika mashindano baina ya Lady Alice na mitumbwi ya Karagwe, Mkama na watu wake wakitazama ukingoni. Msomaji ajaribu kuiona siku ile: upande mmoja watoto wa bahari wakivuta kasia na kuelekeza nyuso nyuma, upande wa pili watoto wa Kagera wakipiga kafi na kutazama mbele, na mzee wa kifalme akicheka kwa furaha. Katika safari ndefu iliyojaa maziko, siku kama hiyo ni haba.

Baada ya hapo waliingia Kagera yenyewe. Siku kadhaa za mwezi wa Machi walipanda mto, wakisindikizwa na mitumbwi ya Rumanika. Asiyeijua Kagera atadhani mto ni maji yapitayo baina ya kingo mbili. Katika sehemu hiyo kingo hazionekani. Mto unapita katikati ya bonde pana la mafunjo, na mafunjo hayo yanaelea. Chini yake kuna maji, na pembeni mwake yamo maziwa mengi yanayounganika na mto kwa milango isiyoonekana na mgeni. Viboko na mamba ni wengi, na mbu ni wengi zaidi. Kasia refu halina nafasi penye mfereji mwembamba wa mafunjo, na hapo bila shaka mabaharia wa Unguja walijifunza tena thamani ya kafi. Walifika ziwa la Ihema, wakalala kisiwani. Walipokaribia ufuko wa pili hawakukaribishwa. Stanley, aliyekuwa ameupa mto jina la binti wa kifalme wa Kidenmarki aliyeolewa Uingereza, Alexandra, akageuza gubeti.

Lau wangeendelea kupanda kusini, wangefika Ngara. Wangeona mafunjo yakiisha, kingo zikijongeleana, na wangesikia kishindo kabla ya kuona kitu. Ni maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo Kagera inateremka katika mwamba mwembamba. Juu kidogo ya hapo mto wa Ruvubu, unaotoka Burundi na kupita katika ardhi ya Ngara, unakutana na maji yanayotoka Rwanda. Mashua haipiti pale, iwe ya mwerezi au ya chuma. Watu wa pale walivuka kwa mitumbwi penye maji matulivu, kwa kafi na upondo, kama walivyovuka mababu zao. Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi waliufahamu mto kuwa kivuko.

Lady Alice haikuviona hivyo vivuko. Baada ya kuagana na Rumanika mwishoni mwa Machi 1876, mashua ilivunjwa mapande ikapanda mabegani tena, na msafara ukashuka kusini kupitia Usui, nchi ambayo leo iko katika Biharamulo na sehemu za Ngara. Miaka kumi na mitano kabla yake, Speke na Sidi Mubarak Bombay walikuwa wamezuiwa hukohuko siku nyingi na mtawala Suwarora, aliyedai hongo ya kupita. Kwa hiyo chombo kilichokuwa kimezunguka Nyanza kiliipita nchi ya Biharamulo kikavu, mbao juu ya vichwa, mbali na ghuba ambayo wenyewe hawakujua kwamba waliikosa.

Historia ilikuja Rusumo kwa njia nyingine. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapo kuingia Rwanda, na utawala wa kigeni ukamfuata. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mataifa ya Ulaya yaliyagawana makoloni ya Wajerumani, mto ukawa mpaka, na Bugufi, iliyokuwa na nasaba na Burundi, ikaachwa upande wa Tanganyika. Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walilivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyoitwa kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, iligeuka kwa siku chache kuwa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo walioshiriki katika mauaji ya kimbari na wasio na hatia hata kidogo, na wenyeji wa Ngara waligawana nao maji, kuni na ardhi mpaka mwisho wa mwaka 1996, walipo wengi wao waliporudishwa kwa daraja lilelile.

Chini ya daraja ilipita miili ya waliouawa. Iliporomoka Rusumo, ikafuata mafunjo, ikapita jirani na Ihema na maziwa ya Karagwe, ikaingia Nyanza. Wavuvi wa upande wa Uganda waliitoa majini kwa maelfu na kuizika Kasensero, Lambu na Ggolo, ambako leo pana makaburi ya kumbukumbu. Hiyo ndiyo njia ya maji aliyoipima Stanley kwa bildi yake, na hizo ndizo fukwe ambazo Lady Alice ilizipita mwaka 1875. Wavuvi wale hawakuajiriwa na mtu. Walikuwa na mitumbwi na makafi, na waliona kwamba maiti wa mtu hastahili kuachwa akielea.

Leo Rusumo pana daraja jipya lililokamilika mwaka 2014, na maporomoko yanazalisha megawati 80 za umeme zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika ziwa la Ihema, lililomo ndani ya Hifadhi ya Akagera, watalii hupelekwa kwa boti kutazama viboko na ndege. Rubondo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, na wageni huizunguka kwa boti vilevile. Ni jambo jema. Maji yale ni mazuri, na wenyeji wanastahili kupata riziki kwayo. Lakini mwongoza watalii anayewaeleza wageni kwamba hapa alipita Stanley angefanya vema kuongeza majina mawili matatu.

Imebaki kusema mwisho wa mashua na watu wake. Kutoka Usui walikwenda mpaka Tanganyika, wakaizunguka nayo, kisha wakaingia mto Kongo na kuufuata mpaka Atlantiki. Uledi aliokoa wenzake wengi waliozama katika maporomoko ya Kongo. Alipokamatwa kwa kuiba shanga wakati wa njaa, ndugu zake wawili walijitoa wapigwe kwa niaba yake, naye akasamehewa. Mwishoni mwa Julai 1877 Lady Alice iliachwa juu ya mwamba, karibu na maporomoko ya Isangila, ioze juani. Safari iliyobaki hadi Boma ilikuwa ya miguu. Wadi Safeni alipoambiwa kwamba bahari imekaribia, alimshukuru Mungu, akaishika miguu ya Stanley akilia kwamba wamefika baharini. Kisha akaingia msituni na kasuku wake begani. Akili yake ilikuwa imeondoka. Wenzake walimtafuta, hawakumpata.

Mtu aliyekwenda peke yake mbele ya mikuki ya Bumbire, aliyevuta kasia Nyanza, Kagera na Tanganyika, alipotea siku chache kabla ya kuiona bahari, na bahari yenyewe haikuwa ile ya kwao. Waliosalimika walifika Unguja tarehe 26 Novemba 1877. Kati ya wale 356 waliotoka Bagamoyo, waliorudi walikuwa mia moja na kidogo tu. Jamaa zao waliwapokea ufukweni, na wengine walisimama hapo wakitafuta nyuso zisizokuwamo.

Katika kitabu chake Stanley aliweka orodha ya majina ya waliokufa na ya waliorejea. Ni majina yetu, ya mitaa ya Ng'ambo, ya Mji Mkongwe na ya mashamba, yaliyoandikwa kwa hijai ya Kiingereza iliyopinda hapa na pale, lakini yanasomeka. Washairi wetu wameisifu jahazi, wamemsifu nahodha, wameusifu mtepe uliokwisha kutoweka. Orodha ile inawangoja. Na atakayeanza na jina la Safeni asisahau kuweka karibu yake mtu mmoja wa Bumbire, ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote.